Hatua za Mtoto Mchanga na Desturi za Kutwa: Mwongozo kwa Walezi wa Fizi na Baraka

Ukuaji wa mtoto mchanga una pande mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Upande wa kwanza ni kuongezeka kwa mwili, yaani uzito, urefu na mzunguko wa kichwa, na huu ndio unaopimwa katika vituo vya afya vya Fizi na Baraka, mkoani Kivu Kusini nchini Kongo, siku ambayo akina mama hupanga foleni ili watoto wapimwe kilo. Upande wa pili ni kukua kwa uwezo, yaani yale ambayo mtoto hujifunza kuyafanya kwa macho, mikono, sauti na viungo vyake, na upande huu hauna mizani. Mpimaji wake ni mlezi anayeshinda na mtoto kutwa kucha, ambaye aghalabu huona badiliko kabla muuguzi hajaliona. Mwongozo huu unashughulikia zaidi upande huo wa pili, tangu kuzaliwa hadi karibu na mwezi wa 9, na unauambatanisha na desturi za kila siku za kunyonyesha, kubeba, kuogesha na kulaza, kwa sababu uwezo wa mtoto hujengwa humo humo, wala hauhitaji vyombo vya dukani.

Zamani maarifa haya yalipokezanwa na bibi na mama wakubwa waliokaa na mzazi siku za uzazi. Vita na uhamisho tangu miaka ya 1990 vimeukata mnyororo huo katika nyumba nyingi za Fizi, kwani wako wazazi wa leo waliokulia kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma nchini Tanzania, wengine waliojifungulia njiani, na wengine ambao wazee wao wamebaki upande mmoja wa Ziwa Tanganyika na wao upande mwingine. Kwa mzazi wa namna hiyo, ambaye hana wa kumuuliza usiku wa manane, maelezo yaliyoandikwa yana kazi ya kufanya.

Kipindi, wala si tarehe

Hatua ya ukuaji ni tendo jipya ambalo watoto wengi wenye afya hulifikia katika kipindi fulani cha umri, kama vile kutabasamu, kukaza shingo, kuketi au kutembea. Neno la kuzingatia hapo ni kipindi. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na upana wa vipindi hivyo huwashangaza wengi: watoto waliketi bila kuegemezwa kati ya karibu miezi 4 na miezi 9 na kidogo, wakatambaa kwa mikono na magoti kati ya miezi 5 na miezi 13 na nusu, na wakatembea peke yao kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Takriban watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, na bado walisimama na kutembea.

Kwa hiyo kumlinganisha mtoto na wa jirani aliyezaliwa wiki ile ile, jambo ambalo hufanyika kila siku kisimani na sokoni, kunaleta wasiwasi mwingi na faida ndogo. Kipimo kilicho bora ni mtoto mwenyewe alivyokuwa mwezi uliopita. Mlezi anayeona kwamba kila mwezi kuna jambo moja au mawili mapya, hata kama ni madogo, ana sababu ya kutulia; anayeona miezi miwili ikipita bila jipya lolote, au mkono mmoja tu ndio unaofanya kazi huku mwingine ukilegea, au mwili ni mgumu kama ubao, ampeleke mtoto kwa muuguzi. Na kupoteza uwezo ambao mtoto tayari alikuwa nao, kama vile kuacha kutabasamu au kushindwa kuketi baada ya kuketi vizuri, ni dalili nzito kuliko kuchelewa kuupata.

Hesabu ya umri yenyewe inahitaji uangalifu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa kuanzia siku ambayo alitarajiwa kuzaliwa, si siku aliyozaliwa, hivi kwamba aliyetangulia kwa wiki 8, akitimiza miezi 5, hutarajiwa kufanya mambo ya mtoto wa miezi 3. Tarehe ya kuzaliwa inapaswa kuandikwa mapema kwenye kadi ya mtoto, na kusajiliwa katika ofisi ya serikali ndani ya siku 90, muda ambao sheria ya Kongo inautaja kuwa wa bila malipo. Karatasi hiyo itamfaa mtoto shuleni baadaye, lakini kwanza inamfaa muuguzi anayetaka kujua kama mtoto aliye mbele yake ana miezi 4 au 6.

Wiki sita za mwanzo

Mtoto anayezaliwa haoni giza tupu kama inavyodhaniwa. Huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ndio umbali kati ya titi na uso wa mama, na huitambua sauti ya mama kwa kuwa aliisikia tumboni. Mwendo wake mwingi katika siku hizi hutokana na miitikio ya kuzaliwa, yaani matendo ambayo mwili huyafanya wenyewe bila mtoto kuamua: kugeuza kichwa kutafuta chuchu shavu linapoguswa, kufumbata kidole kinachowekwa kiganjani, na kushtuka akitanua mikono yote miwili anapohisi kuangushwa. Kushtuka huko si degedege wala si uchawi, na hupungua taratibu hadi kutoweka kati ya mwezi wa 4 na wa 6. Mtoto asiyeshtuka kamwe, au anayetanua mkono mmoja tu, ndiye anayehitaji kutazamwa.

Kunyonya kuanze ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na maziwa ya kwanza ya rangi ya manjano, yaitwayo dang'a, yasikamuliwe na kumwagwa, kwa kuwa yana kinga ambayo mtoto hataipata mahali pengine. Baadaye atanyonya mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana, na mama anayehofu kwamba maziwa hayatoshi anaweza kuangalia nepi: kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza, mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo wake ukiwa mweupe, anashiba. Kupungua uzito kidogo katika siku za kwanza ni kawaida, mradi uzito wa kuzaliwa urudi kufikia wiki ya 2.

Suala la maji linahitaji kusemwa kwa mkazo zaidi hapa kuliko mahali pengine. Joto la Baraka, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, huwafanya wengi waone huruma na kumpa mtoto vijiko vya maji, na nyanya akisisitiza, mama kijana hupata shida kukataa. Maziwa ya mama, hata hivyo, karibu sehemu 88 kati ya 100 ni maji, na yanatosha miezi 6 kamili hata wakati wa kiangazi. Kwa upande mwingine, kipindupindu ni ugonjwa wa kudumu katika mwambao huu, kuanzia Uvira hadi Fizi, na maji ya ziwa au ya mto yasiyotibiwa ni njia yake ya kawaida. Kijiko cha maji kinachotolewa kwa huruma ndicho kinachomfungulia mtoto mlango wa kuhara, na mtoto wa mwezi mmoja hukaukiwa na maji mwilini kwa saa chache.

Kulala nako kuna mambo yake. Mtoto wa wiki za mwanzo hulala saa 14 hadi 17 kwa jumla, lakini kwa vipande vipande, kwa sababu mwili wake bado haujui kutenganisha usiku na mchana. Ujuzi huo huja kati ya mwezi wa 2 na wa 4, nao huharakishwa na mwanga wa asubuhi na giza la usiku. Katika nyumba za wavuvi wa ndakala, ambao hutoka na taa usiku na kurudi alfajiri, baba hulala mchana na watu wote hutakiwa kunyamaza, lakini ukimya huo ni wa baba tu: mtoto hana haja nao, na ni vyema mchana akae penye mwanga na sauti za kazi. Alazwe chali, si kifudifudi, mahali pagumu kiasi, ndani ya chandarua chenye dawa, kwani malaria katika mwambao huu haina msimu wa kupumzika. Kulala na mama kunarahisisha kunyonya, ila kitandani pasiwe na mtu aliyelewa, wala mto laini karibu na uso wa mtoto.

Kilio huongezeka hadi karibu na wiki ya 6, hasa jioni, kisha hupungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Mtoto anayelia hivyo huku ananyonya na kuongezeka uzito haugui, na maziwa ya mama yake hayajaharibika. Hutulia akibebwa, akiimbiwa na kutembezwa. Kitovu, ambacho huanguka ndani ya wiki 1 hadi 2, kiachwe safi na kikavu, bila majivu, mawese, samadi wala dawa ya majani. Jambo moja hutofautiana na mahali: kandokando ya ziwa watoto huvalishwa kupita kiasi, ilhali katika nyanda za juu za Minembwe baridi ya usiku inaweza kumdhuru mtoto mdogo, na huko mtoto aliyezaliwa na uzito pungufu abebwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani.

Tabasamu, shingo na mikono

Karibu na wiki ya 6 hutokea badiliko ambalo kila mama hulikumbuka: mtoto hutabasamu kwa kujibu uso wa mtu. Tabasamu la usingizini la siku za mwanzo ni la misuli tu, bali hili ni la mazungumzo, na hufuatwa na sauti laini za koo ambazo mtoto huzitoa, kisha hunyamaza akisubiri jibu. Asubiriwe na ajibiwe. Mama anayetwanga sombe huku mtoto akiwa karibu anaweza kumwambia kinachofanyika, na lugha isimtie shaka. Nyumba nyingi za Fizi husema Kibembe na Kiswahili pamoja, nyingine Kifuliiru au Kirundi, na Kifaransa kikiongezwa na wakubwa, wala mtoto hachelewi kusema kwa sababu ya wingi wa lugha anazozisikia. Anachelewa kwa kutosemeshwa.

Shingo hukazwa hatua kwa hatua, na mahali pa kuiona kazi hiyo ni mkekani. Mtoto akiwa macho, na si mara tu baada ya kunyonya, alazwe kifudifudi dakika chache mara kadhaa kwa siku, mlezi akiwa amekaa mbele yake. Wa mwezi mmoja huinua pua tu kutoka mkekani na kugeuzia shavu upande wa pili; wa miezi 2 huinua kichwa kwa muda mfupi, kikitikisika, kisha kikaanguka; wa miezi 3 hujiegemeza kwa viwiko na kutazama huku na huku; na kati ya mwezi wa 4 na wa 6 hujisukuma kwa viganja, hadi siku moja anajikuta amepinduka chali na kushangaa mwenyewe. Tangu siku hiyo asiachwe peke yake kitandani, wala karibu na jiko la makaa.

Mikono hufuata njia yake. Ngumi hufunguka karibu na mwezi wa 2 au wa 3, ndipo mtoto huanza kuvitazama viganja vyake kwa muda mrefu, na karibu na mwezi wa 4 hunyoosha mkono kushika shanga au kona ya kikwembe cha mama na kuipeleka kinywani. Kupeleka kila kitu kinywani si tabia mbaya ya kukomeshwa, bali ndiyo njia ya mtoto ya kuchunguza. Wajibu wa mlezi ni kuhakikisha kwamba kilicho karibu ni kisafi na hakiwezi kumezwa.

Mgongoni na ardhini

Kubeba mgongoni kwa kikwembe ni desturi ambayo wataalamu wa nchi za mbali wamekuja kuisifu baadaye sana. Miguu ya mtoto ikitanuliwa kuzunguka kiuno cha mama, nyonga zake hukaa mahali panapofaa, shingo hujizoeza kusawazisha kichwa kwa kila hatua anayotembea mama, na masikio husikia mazungumzo yote ya njiani. Kabla shingo haijakazwa, kikwembe kipandishwe hadi kisogoni, na pua ya mtoto iwe wazi daima.

Hata hivyo mgongo hautoshelezi kila kitu, na ushahidi wa jambo hili unatoka hapa hapa Afrika Mashariki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1976, Charles Super aliwaeleza watoto wa Wakipsigis wa Kenya, ambao waliketi na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani. Zamani wapo waliosema kwamba wepesi wa namna hiyo ni wa damu. Super alionyesha kwamba akina mama wa Kipsigis walifundisha matendo hayo kwa makusudi, kwa mfano kwa kumkalisha mtoto katika kishimo kidogo kilichozungushiwa blanketi ili asianguke. Na kutambaa, ambako hawakukufundisha, watoto wao hawakukuwahi. Kinachofanyiwa mazoezi nyumbani ndicho kinachotangulia, na kisichopata nafasi husubiri.

Mlezi wa Baraka anaweza kulitumia jambo hilo moja kwa moja. Mtoto anayeshinda mgongoni tangu shambani hadi sokoni atakuwa na shingo imara, lakini mikono na tumbo lake havijapewa kazi, hivyo jioni apate muda wake mkekani. Na anayekalishwa kwenye beseni lenye nguo pembeni kuanzia mwezi wa 5 ataketi mapema, mradi kichwa chake kisiwe kinayumba. Moshi ni jambo la kujihadhari: mama anayebanika samaki au kupika kwa kuni asimbebe mtoto mgongoni wakati huo, kwa maana mapafu machanga hayastahimili.

Kuanzia mwezi wa sita

Katika mwezi wa 6 akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo huwa imepungua sana, na maziwa peke yake hayatoshi tena, ingawa kunyonya kunapaswa kuendelea hadi miaka 2 au zaidi. Uji wa muhogo mtupu, au bugali laini uliochovywa kwenye mchuzi, hujaza tumbo bila kujenga mwili, na mtoto anayelishwa hivyo huweza kuvimba miguu na uso kwa utapiamlo, huku jamaa wakisema amenenepa. Tiba ya upungufu huo iko ziwani: ndakala waliokaushwa, wakatwangwa hadi kuwa unga laini na kuchekechwa ili kuondoa miiba, wakachanganywa katika uji wa mahindi pamoja na kijiko cha mawese mekundu na karanga zilizosagwa, hutoa lishe ambayo kopo la dukani halishindani nayo kwa bei. Mara 2 au 3 kwa siku zinatosha mwanzoni, kisha huongezwa.

Miezi hii mtoto huketi, hubwabwaja silabi kama ba-ba-ba na ma-ma-ma, hugeuka akiitwa, na karibu na mwezi wa 9 huanza kuokota kitu kidogo kwa kidole gumba na cha shahada, hivyo punje za maharage na karanga nzima ziondolewe mkekani kwa kuwa humkaba. Katika umri huo huo huanza kuwalilia wageni. Mary Ainsworth, aliyewachunguza watoto wa Waganda karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, aliona kwamba mtoto anayemlilia mama anayeondoka, kisha akatulia mama huyo anaporudi, ameshajenga mshikamano, yaani imani kwamba mtu fulani ni kimbilio lake. Asichekwe, wala asitupwe mikononi mwa mgeni ili azoee.

Yasiyofaa kufanywa na yasiyofaa kusubiriwa

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki watoto wanaohara au kukohoa hukatwa kimeo, au hung'olewa yale yanayoitwa meno ya plastiki, ambayo kwa kweli ni meno ya kawaida yasiyotoka bado. Matendo haya hayatibu chochote na yameua watoto kwa kutokwa damu na maambukizi. Utosi kudundadunda ni kawaida, nao hufunga kati ya miezi 12 na 18. Utosi uliobonyea kwa mtoto anayehara unaonyesha ukosefu wa maji, na uliovimba kwa mtoto mwenye homa ni hatari, na katika hali zote mbili dawa ya kupaka kichwani hupoteza muda.

Mtoto apelekwe kituoni siku hiyo hiyo, hata usiku, iwapo anakataa kunyonya, anapata degedege, amelegea na haamki, mbavu zinabonyea anapopumua, au anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi 2, au mara 50 na zaidi akishapita umri huo. Vivyo hivyo ikiwa mtoto wa chini ya miezi 2 ana joto la nyuzi 37.5 na kuendelea au yuko chini ya 35.5, viganja na nyayo zimekuwa za manjano, au kitovu kinatoa usaha.

Mambo mengine hayana haraka ya namna hiyo, lakini hayafai kuachwa: kutotabasamu baada ya miezi 3, shingo kutokazwa baada ya miezi 4, kutoshtushwa na kelele za sufuria nyuma ya kichwa, macho kutofuata uso, kutoketi baada ya miezi 9. Nafasi ya kuyasema ipo, kwa kuwa ratiba ya chanjo humleta mama kituoni wakati wa kuzaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10, ya 14, na mwezi wa 9. Wiki ya 6 hukutana na tabasamu, wiki ya 14 hukutana na shingo. Tatizo ni pengo linalofuata, miezi zaidi ya 5 kati ya wiki ya 14 na mwezi wa 9, ambapo mama wengi huacha kwenda kwa kuwa hakuna sindano, ilhali huo ndio wakati ambao mtoto anajipindua, anaketi, anashika na kuanza kula. Inafaa mama aende kupimisha kilo katika mwezi wa 6 hata kama hakuitwa na mhamasishaji wa afya wa mtaani, yaani reko, na aeleze alichokiona nyumbani bila kungoja kuulizwa. Na chanjo ya surua ya mwezi wa 9 isikosekane, kwani mlipuko wa ugonjwa huo nchini Kongo, uliotangazwa kumalizika mwaka 2020, uliwaua watoto zaidi ya 7,000.